Ufunguo Mdogo Juu ya Kioo

Kaka yangu aliniambia nikiwasha kile kitu, hata malaika anayeniandikia dhambi atanitafuta asinione. Ndivyo alivyo kaka yangu. Nyumbani tunamwita Injinia, ingawa kazi yake ni kutunza kompyuta za kampuni moja ya bima, na akianza kueleza mambo ya mitambo lazima aingize utani, ili wewe usiyejua usijione mjinga. Siku hiyo nilikuwa nimekaa kwenye kochi lake, mkono wa kulia umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko, binti yangu Mashavu amenilalia mapajani, na utani ule ulinichekesha kwa mara ya kwanza tangu nitoroke. Sasa nikikumbuka kicheko kile natamani kujizaba kofi.

Mume wangu anauza vitambaa kwa jumla. Majora yake ya sare yanapelekwa shule za miji mingi, na yeye mwenyewe ni mtu wa watu. Anamsalimia kila mtu kwa jina, anachangia misiba, hapandishi sauti hadharani. Sauti alikuwa ananiwekea mimi, mlango ukishafungwa. Nilikuwa fundi cherehani dukani kwake kabla hajanioa, na baada ya kunioa nikabaki fundi vilevile, ila mshahara ukakoma, maana mke halipwi. Kuhusu mkono sitaeleza mengi. Aliuvunja kwa sababu nilichelewa kupokea simu yake, na Mashavu alikuwa amesimama pale pale akiangalia.

Nilikuwa nimeshajaribu kukimbia kabla ya hapo. Nilijificha kwa rafiki yangu, na kesho yake tu mume wangu alikuwa mlangoni, kashika mkate na maziwa, anatabasamu kama mgeni mwema. Simu yangu ndiyo ilimwonyesha nilipo. Kwa hiyo safari hii kaka alininunulia simu mpya na laini mpya, akaitoa kwenye boksi mbele yangu, na kabla ya kuweka kitu kingine chochote akaweka VPN.

"Sikiliza, mdogo wangu," alisema. "Kila unapoingia mtandaoni unaacha nyayo, mtu akizifuata anajua umetokea wapi. Hii inakupitisha mlango wa mbali. Wewe uko chumbani kwako unasuka nywele, lakini kule mtandaoni wanakuona uko nchi ya theluji, umevaa koti."

"Na yeye je?"

"Yeye ataona theluji."

Akanionyesha alama ya ufunguo, ndogo kama punje, juu ya kioo cha simu karibu na saa. "Ukiuona huu ufunguo, tulia. Usipouona, usifungue kitu." Halafu akauliza nani atakuwa na namba yangu mpya. Nikamwambia, wewe na mama, basi.

"Mama hana neno," alisema kaka, na mimi nikaona kweli hana neno.

Nilihamia mji ambao sikuwa na ndugu wala rafiki. Nilipanga chumba kimoja uani, dirisha lake likitazama ukuta, na niliupenda ule ukuta kwa sababu hakuna mtu angeweza kusimama nje akanichungulia. Plasta ilipotolewa nilipata kazi kwenye karakana ya mapazia na mifuniko ya makochi. Karakana za sare niliziona, nikapita kama sizioni. Mkono haukurudi sawasawa. Kitambaa kizito nilikigeuza kwa mkono wa kushoto, na wenzangu wakadhani ndivyo nilivyozaliwa.

Ufunguo haukuzimika. Niliuangalia asubuhi kabla ya kunawa uso, nikauangalia tena nikishafunga komeo la mlango. Kaka akipiga hakuuliza hali, aliuliza, "Leo umeamkia nchi gani?" Mimi nikajibu nimeamkia kwenye baridi kali, naomba unitumie soksi. Mashavu akadaka utani huo, akawa anatembea chumbani amejifunga shuka, anatetemeka kwa makusudi na kugonganisha meno. Kulikuwa na siku nilisahau kuogopa mpaka jioni. Nasema hivyo ili ijulikane kwamba amani niliionja.

Kilio cha mama kilikuwa kimoja tu: picha za mjukuu. Sauti haikumtosha. Alikuwa na ile simu kubwa aliyonunuliwa na mkwe wake mwaka tuliooana, kioo chake kipana, na alisema kioo kile hakina maana kama hakimwonyeshi Mashavu. Basi nikawa namtumia, kwa uangalifu wa mwizi. Nilimpiga mtoto picha akiwa ameegemea ukuta mtupu. Nilikata madirisha, nikakata miguu ya meza, nikakata hata kalenda iliyoandikwa jina la duka. Mashavu ameng'oka jino. Mashavu amesukwa. Mashavu amekasirika, hataki kupigwa picha.

"Mwenzio naye hachoki," mama aliniambia siku moja kwenye simu. "Bado ananiletea mapicha yake. Mara lori, mara majora. Nayafanyia nini mimi?"

"Usimjibu, mama."

"Nimjibu ili iweje? Sijamwandikia hata nukta. Akipiga sipokei. Wewe mama yako unamjua vizuri?"

Nilimjua. Mama yangu akiambiwa afunge mdomo, hata umlipe hafungui. Nikaona mume wangu anajikomba kwa mama mkwe kwa kumtumia picha, kama wanavyofanya wanaume wakishaharibu. Sikuuliza zaidi. Nani anakaa chini kumhoji mama yake kuhusu picha anazotumiwa na mkwe?

Mashavu alipofika umri wa chekechea nilimwandikisha shule iliyo karibu na karakana, ili niweze kumkimbilia. Mwalimu aliponipa kile kigauni cha sare nikakigeuza kuangalia mshono, kwa mazoea ya kazi. Miraba ya kijani, na ndani yake uzi mwembamba wa njano. Kitambaa kile nilikijua. Nilishakikata kwa mkasi wangu mwenyewe dukani kwa mume wangu, jora baada ya jora, kwa ajili ya shule ya mbali ambayo sikuwahi kuiuliza jina. Kila shule na miraba yake, na hiyo ilikuwa ya shule hii.

Nilirudi nacho chumbani nikakiweka kitandani, nikakaa nikakitazama. Nilijisemesha kama mtu mzima. Yeye haji huku, vitambaa vinakuja na lori. Shule nyingine zote ziko mbali. Mtoto ameshamjua mwalimu, ameshapata rafiki wa kugombana naye. Na simu yangu ina ufunguo. Nikampigia kigauni pasi.

Mama alitaka picha ya siku ya kwanza, na hapo hakukuwa na namna ya kukataa. Nilimsimamisha Mashavu mbele ya ukuta wetu. Nikamwambia akumbatie kikopo chake cha chakula kifuani, hivyo hivyo, kipandishe kidogo, ili beji ya shule isionekane. Alicheka akionyesha pengo. Beji haikuonekana hata uzi. Nikahakikisha ufunguo uko juu ya kioo, nikatuma. Mama akajibu kwa sauti, anapiga vigelegele peke yake jikoni, mpaka Mashavu akaomba nimrudishie asikie tena.

Wiki haikuisha. Nilitoka karakana mchana kumfuata, nikamkuta mwalimu wake bombani anasuuza vikombe vya uji. Akaniangalia kwa mshangao wa mtu asiye na kosa.

"Mama Mashavu, baba yake si ameshamchukua?"

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka yeye alivyojitetea, huku vikombe vinamwagika maji. "Alikuja na cheti cha kuzaliwa. Kitambulisho jina lile lile. Alisema mmekubaliana. Tena ni mstaarabu, kawasalimia walimu wote. Na mtoto mwenyewe hakulia."

"Alifanya nini?"

"Alinyamaza tu. Alikwenda akampa mkono."

Nikakaa chini pale pale kwenye maji. Mwanangu hakulia kwa sababu nyumbani kwetu alishajifunza kwamba ukilia mambo yanazidi. Mwalimu aliona adabu.

Kwenye kituo cha polisi, askari alishika kalamu vizuri kabisa mpaka alipouliza nani kamchukua mtoto. Nikamwambia baba yake. Akaiweka kalamu chini.

"Mama, mtu haibi mtoto wake mwenyewe. Haya ni mambo ya nyumbani. Mkakae mzungumze."

Nikamwonyesha mkono, jinsi usivyonyooka. Akauliza cheti cha hospitali kinasemaje. Kinasema niliteleza bafuni. Ndivyo nilivyomwambia daktari, kwa sababu mume wangu alikuwa amesimama pembeni ya kitanda, kanishikia mkoba. Askari akatikisa kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alionekana ana njaa na anataka zamu iishe.

Nje ya kituo nikampigia mume wangu. Namba yake haijawahi kunitoka kichwani. Alipokea mara moja, sauti ya upole, kama tulizungumza jana.

"Mtoto amekula vizuri, usiwe na wasiwasi," alisema. "Beji uliificha vizuri, hongera. Lakini kitambaa changu mwenyewe, mama Mashavu! Ulidhani nitakisahau?"

Akakata.

Nilimpigia kaka, nikasafiri kwenda kwa mama nikiwaza njia nzima. Picha ile ilitoka kwangu ikaenda kwa mtu mmoja tu duniani. Nilijaribu kumfikiria mtu mwingine, yeyote, nikamkosa. Nilipofika sikubisha hodi wala kuamkia. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mboga, nikamsimamia juu ya kichwa.

"Mama, alikupa kiasi gani yule mtu mpaka umuuzie mwanangu?"

Sijawahi kumwongelesha mama namna ile. Aliinuka taratibu, mboga zikadondoka. "Nani kamuuza nani?"

"Ile picha ya sare. Nilikutumia wewe peke yako!"

"Na mimi niliiangalia peke yangu!" Alijipiga kifua. "Sikumwonyesha hata jirani. Nilikuwa naifungua nikiwa nimejifungia chumbani. Mwanangu, niapishe kwa chochote."

Nilimwona anasema kweli, na hilo likanichanganya zaidi kuliko angenidanganya. Kaka alikuwa ameshafika, katoka kazini bila kuaga, shati limemlowa. Alinikamata mabega akanikalisha. Nikalia kwa sauti, kilio cha msibani, majirani wasikie basi. Mama alinitazama akashindwa kuelewa.

"Mbona unamlilia mtoto kama kafa?" alisema. "Mashavu mzima. Tangu juzi namwona, nikadhani mmepatana. Huyu hapa."

Akatoa ile simu kubwa kwenye mfuko wa gauni, akafungua picha, akanipa.

Mashavu alikuwa amekaa juu ya meza ya kukatia vitambaa, miguu inaning'inia. Nikasogeza. Mashavu mbele ya sahani. Mashavu ndani ya gari, mkanda umefungwa. Katikati ya hizo, lori, majora, risiti, tena lori. Nikarudi nyuma zaidi na nikaziona zangu: Mashavu na kikopo, Mashavu amesukwa, Mashavu bila jino. Zote zimepangwa pamoja kwa tarehe, zake na zangu, kama albamu ya familia moja yenye amani.

Kaka alinipokonya simu. Alibonyeza pembeni juu, pakatokea duara dogo lenye sura ya mume wangu, anatabasamu, na jina lake chini.

"Mama," alisema polepole, "hii simu nani aliiwasha ilipokuwa mpya?"

"Si huyo huyo aliyeninunulia? Alikaa hapo hapo ulipokaa wewe. Iliomba sijui imeili, mimi ninayo? Akasema, mama, usihangaike, naweka ya kwangu." Akatutazama mmoja mmoja. "Nilimkaangia mayai."

Kaka alishuka akachuchumaa sakafuni, simu mkononi. Kwa mara ya kwanza alieleza kitu bila utani. Picha yoyote inayoingia kwenye simu ya mama inahifadhiwa yenyewe kwenye akaunti ya mume wangu, na zake yeye zinamshukia mama. Hakuna aliyekuwa anamtumia mwenzake. Mama hakusema neno hata moja, ila simu yake ilikuwa inasema kila siku. Miezi yote ile niliyokuwa nafunga komeo, mume wangu alikuwa ameketi nasi. Aliona jino limetoka. Aliona nywele. Alikuwa anangoja tu nikosee, na hakuwa na haraka.

"Na VPN?" nikamuuliza.

"VPN ilifanya kazi yake," alisema kaka. "Haikuvuja hata tone. Inaficha njia uliyopita. Haiwezi kuficha kile unachompa mtu mkononi, wala haijui simu ya huyo mtu ni ya nani."

"Basi ipigie makofi."

Akainamisha kichwa. Sijutii kumwambia vile, na kumhurumia namhurumia. Alinifungia mlango wangu vizuri kabisa. Wa mama hakuna aliyeufikiria, kwa sababu ni wa mama.

Alipopata nguvu alitaka kuiondoa ile akaunti papo hapo. Aliniambia ni kazi ndogo tu, na yule mtu hataona tena kitu. Kidole chake kilikuwa kimeshafika pale pa kubonyeza. Nikamrukia, nikaikumbatia ile simu kifuani.

"Usiguse."

"Mdogo wangu, anatuangalia!"

"Na mimi namwangalia mwanangu. Ukiifunga hiyo, nitamwona wapi?"

Mama alikuwa anaokota mboga zake moja moja, anazirudisha kwenye sinia, machozi yanamdondokea mikononi.

Nikabaki kwa mama. Kwa mwanasheria nilikwenda, akasema nianze na ushahidi, na kesi za watoto zinachukua muda, na huyo bwana ana nyumba na kazi, mimi nina chumba kimoja. Alisema hivyo kwa lugha nzuri, na neno la kushika sikutoka nalo. Nikawa nakaa na simu ya mama mapajani kuanzia asubuhi. Ikichelewa kuleta picha nilishindwa kula. Ikileta ndiyo kabisa. Mashavu kanenepa kidogo. Mashavu hacheki, anatazama pembeni ya kamera, mahali anaposimama mtu mwingine. Nilizikuza mpaka zikapoteza umbo, natafuta alama kwenye mikono, kwenye shingo. Sikuiona. Kila jioni nilitafuta upya.

Aliandikishwa shule nyingine, kule mjini kwa baba yake. Picha ilikuja amesimama getini, sare mpya ya miraba ya bluu, beji inang'aa kifuani, na nyuma yake jina la shule kwenye ukuta kwa herufi kubwa kuliko mtoto. Yeye hakuficha kitu. Mtu kama yule amfiche nani?

Hapo nikaelewa kwamba anajua naangalia, na kwamba picha zile hapigi kwa ajili yake. Kuanzia siku hiyo nikawa nazisoma kama zilivyokusudiwa.

Ya mwisho ilikuja leo, mama akiwa amekwenda sokoni. Ni ndani ya duka, kwenye kona ile ya dirishani ambako nilikaa miaka yote. Cherehani yangu ipo. Nilipoondoka niliiacha na ufa na vumbi; sasa imefutwa, imetiwa mafuta, gurudumu linameta. Uzi umeshapitishwa kwenye sindano, ncha yake imevutwa nyuma kama ninavyoivuta mimi, na chini ya mguu wa cherehani kuna kipande cha kitambaa cha kijani chenye uzi wa njano. Mashavu amekaa sakafuni kando, ameshika kiti changu kwa mikono miwili, ili kisikaliwe na mtu.

Niliitazama sana. Halafu nikairudisha simu ya mama kitandani kwake, kioo kikiangalia chini, nikatoa begi.

Kaka alinikuta mlangoni. Hakuuliza naenda wapi, aliliona begi, akaona na uso. Mwisho akafanya kile anachokiweza. Alinyoosha mkono, akachukua simu yangu ndogo, akaangalia juu ya kioo.

"Ufunguo umezima," alisema. "Subiri nikuwashie."

"Wa nini, kaka? Anajua nakuja."